Mtoto anayemaliza kabla ya wenzake: hatua za kufuata nyumbani na shuleni

Hapa Mwanza, kuanzia Buhongwa hadi Igombe, maswali kuhusu watoto wenye kipawa ni yale yale. "Mwanangu kajifunza kusoma mwenyewe, nimrushe darasa?" "Mwalimu anasema ni mtundu, lakini nyumbani anafungua redio na kuirudishia." "Anajua kila kitu, mbona kashika nafasi ya thelathini?" "Nimwongezee twisheni?" Mwongozo huu unayajibu kwa hatua, na umeandikwa kwa mzazi au mlezi wa mtoto wa miaka 5 hadi 12, na pia kwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni.

Shika jambo moja kabla ya mengine, maana hatua zote zinalizunguka. Mtoto mwenye kipawa hahitaji kazi nyingi zaidi, anahitaji kazi ngumu zaidi. Ukimpa hesabu 20 rahisi mahali pa 10, umempa adhabu kwa kosa la kumaliza mapema. Balaa lake kubwa shuleni ni kutokukwama. Anapita la kwanza, la pili, la tatu bila kugota hata siku moja. Halafu siku inafika, mara nyingi kidato cha kwanza pale masomo yanapogeuka kuwa ya Kiingereza, anagota, na hajui watu wakigota hufanya nini. Anadhani akili zimekwisha. Kazi yenu ni kutafuta mahali anapogota, kumfikisha hapo kila wiki, na kukaa naye hapo.

Kwanza tuelewane maneno

Mtoto mwenye kipawa si lazima awe wa kwanza darasani. Wa kwanza anaweza kuwa mtoto wa kawaida mwenye bidii, anayelala mapema na kwenda twisheni, naye anastahili pongezi zake. Mwenye kipawa hujulikana kwa kasi na kina. Anashika jambo jipya baada ya kulisikia mara moja au mbili, anaunganisha mambo ambayo hakuna aliyemwunganishia, na swali lake la pili ni gumu kuliko la kwanza. Anaweza kuwa hivyo kwenye hesabu tu, au lugha tu, au kwenye kuunda vitu, huku kwingine akiwa kama wenzake. Tena hakui sawasawa pande zote: miaka 7 ya kuzaliwa, miaka 11 ya hoja, miaka 5 ya kulia akinyimwa kikombe chake. Usishangae, ndivyo walivyo.

Wengi hawaonekani. Mtoto anayefikiri kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita anaweza kukaa kimya mwaka mzima darasani akaitwa mzito. Binti anayebeba ndoo tatu za maji na kuosha vyombo kabla ya daftari hana muda wa kuonyesha chochote. Na yule anayetoroka shule kwenda mwaloni kuanika dagaa, akarudi amepiga kichwani hesabu ya sado 14 pamoja na chenji, msimwite mtoro tu mkaishia hapo.

Vitu vya kuwa navyo

- Kaunta buku moja, kwa kumbukumbu zako wewe, si zake.
- Faili au bahasha ya kaki ya kuwekea kazi zake.
- Vitabu vya kiada vya darasa lake na vya madarasa mawili ya juu. Azima kwa jirani, au nenda Maktaba ya Mkoa pale mjini.
- Ubao wa drafti na vizibo 24 vya soda, 12 rangi moja na 12 nyingine. Bao nalo linafaa, hata lile la kuchimba ardhini.
- Rula, penseli, futi ya fundi cherehani.
- Dakika 20 kila siku ambazo simu yako iko mbali.

Usinunue tableti. Wala usitafute jaribio la IQ (kipimo cha akili) la kwenye simu, kwani yale hayapimi kitu. Majaribio halisi hufanywa na mtaalamu aliyesomea, ana kwa ana, na mengi huchukua alama 130 kwenda juu kuwa kipawa, yaani takriban watu 2 kati ya 100. Alama hiyo haitakuambia Jumatatu ufanye nini, na hatua zilizo hapa zinafanyika bila hiyo.

Hatua ya 1: Tazama kwa wiki 4, na uandike

Usimbadilishie mtoto chochote kwa mwezi huo. Chora safu nne kwenye kaunta buku: tarehe; alichofanya au alichosema, kwa maneno yake mwenyewe; kilichukua dakika ngapi; nani alianzisha, yeye au mtu mwingine.

Safu ya nne ndiyo yenye uzito. Mtoto anayefanya jambo gumu kwa sababu umekaa pembeni ni mtii. Anayelifanya hakuna anayemtazama ndiye tunayemtafuta. Andika mstari mmoja au miwili kwa siku, si zaidi, la sivyo utachoka wiki ya kwanza.

Mfano wa maandishi yanayofaa: "Jumanne. Kauliza kwa nini maji ya ziwa si ya chumvi na ya bahari ni ya chumvi. Nikamwambia sijui. Baada ya saa moja karudi: labda ziwa lina mahali linapotokea. Yeye." (Yuko sahihi. Maji ya Ziwa Victoria hutoka Jinja, Uganda, kuingia mto Nile, na chumvi haipati nafasi ya kujikusanya.) Mfano usiofaa: "Leo alikuwa na akili sana." Ukisoma hilo baada ya mwezi halitakusaidia kitu.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika mazuri tu. Andika pia alipochoka, alipogoma, alipolia na kwa sababu gani. Ukigundua anagoma kazi za kunakili lakini hagomi mafumbo, umeshapata nusu ya jibu.

Hatua ya 2: Pima mwili kabla ya kupima akili

Macho, masikio, damu. Mtoto asiyeona ubao hujifunza kwa kusikia, akafanya vizuri hadi siku somo linapokaa ubaoni zaidi kuliko mdomoni. Kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa kuna jambo la kuongeza, nalo ni kichocho. Mtoto anayeogelea au kuteka maji ufukweni anaweza kuwa nacho kwa muda mrefu bila kulazwa. Anapungua damu, anachoka, umakini unashuka, na nyumba nzima inasema amekuwa mvivu. Omba zahanati wapime choo na mkojo, na wapime wingi wa damu. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, kipimo chake hutegemea uzito au urefu wa mtoto, na hutolewa pia shuleni kwenye kampeni. Usinunue dukani ukakisia mwenyewe.

Usingizi: miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku. Ukihesabu kuanzia muda anaolala kweli mpaka muda anaoamka kuwahi daladala, watoto wengi wa mjini hawafiki.

Hatua ya 3: Tafuta anapogota

Fanya Jumamosi asubuhi ameshakula. Usiite mtihani. Gawanya siku tatu tofauti, dakika 20 kila moja.

*Kusoma.* Chukua kitabu cha darasa moja juu yake. Hesabu maneno 100, asome kwa sauti. Akikosea maneno 5 au pungufu, kitabu ni chepesi kwake, panda darasa lingine. Akikosea zaidi ya 10, rudi chini. Kati ya hapo ndipo pa kufanyia kazi. Akimaliza, mfunike kitabu asimulie, kisha uliza swali moja la "kwa nini" ambalo jibu lake halikuandikwa. Wapo wanaosoma kama redio wasielewe neno, kwa hiyo swali hilo usiliruke.

*Hesabu.* Mpe maswali 10 ya mada ambayo hajafundishwa, kutoka darasa la juu, ukimwonyesha mfano mmoja tu. Akipata 8 au zaidi, mada hiyo ni rahisi kwake. Akipata kati ya 3 na 7, simama hapo, ndipo penyewe. Akipata chini ya 3, umeruka mno.

*Hoja.* Mfundishe mchezo asioujua, drafti au bao. Andika umerudia sheria mara ngapi, na ni mchezo wa ngapi alipoanza kukutegea mtego badala ya kusubiri zamu. Usimwachie ashinde. Mtoto wa namna hii anajua ukimwachia, na anaona ni dharau.

Onyo: fanya kwa lugha anayoiota usiku. Kumpima hoja kwa Kiingereza ambacho hajakishika ni kumpima Kiingereza.

Hatua ya 4: Panga nyumba

Hatua hii ni fupi. Kona moja yenye mwanga, hata kama ni mkeka kando ya dirisha. Kopo la maswali: swali lisilo na jibu linaandikwa kwenye karatasi, linaingia kopo, na Jumapili mnachomoa moja na kulitafutia jibu pamoja. Jibu la "nitakuambia ukikua" limepigwa marufuku; "sijui, weka kwenye kopo" linaruhusiwa. Kazi za nyumbani anaendelea nazo kama ndugu zake. Kipawa si kibali cha kutoosha vyombo, na kama kaka na dada zake wanafua, yeye naye anafua.

Namna ya kusifu ina maana kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1998 watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani waliwapa watoto mafumbo, wakawasifu baadhi kwa akili na wengine kwa bidii. Waliosifiwa akili walipendelea zaidi kazi rahisi baadaye, na walipokutana na kushindwa walishuka. Kwa hiyo acha "wewe ni jiniasi", hasa mbele ya wageni. Sema kilichofanyika: "Njia ya kwanza ilikataa, ukageuza ukaanzia mwisho."

Hatua ya 5: Mpe mradi mmoja wa siku 30

Hapa ndipo penye nyama. Mradi mzuri una sifa tatu: vifaa vyake vipo jirani, jibu lake halipo nyuma ya kitabu, na katikati yake lazima agote. Mwanza imejaa miradi ya namna hiyo. Tunaueleza mmoja kwa ukamilifu.

*Mwezi na bei ya dagaa.* Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa usiku. Mbalamwezi ikiwaka sana taa hazifui dafu, na mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa. Swali la mtoto: je, bei ya dagaa sokoni inafuata mwezi?

1. Chagueni mwuzaji mmoja, yule yule, kama ni Kirumba au genge la mtaani. Mwombe ruhusa kwa heshima, mtoto mwenyewe aseme: "Shikamoo mama, naomba niwe nakuuliza bei ya sado moja kila siku kwa ajili ya kazi yangu."
2. Chora jedwali la siku 30: tarehe; umbo la mwezi, achore kwa mkono; bei ya sado; mvua au jua; neno lolote alilosema mwuzaji.
3. Aulize muda ule ule kila siku. Bei ya asubuhi na ya jioni hazilingani, na akizichanganya jedwali zima linaharibika.
4. Siku ya 10, kabla ya kuendelea, aandike utabiri: bei itapanda tarehe ngapi? Utabiri uingie kwenye bahasha, ifungwe kwa gundi.
5. Siku ya 30 achore grafu: tarehe chini, bei pembeni, na miduara ya mwezi juu. Atafute wastani wa wiki ya giza na wa wiki ya mbalamwezi.
6. Fungueni bahasha.

Mzunguko wa mwezi ni kama siku 29 na nusu, hivyo siku 30 zinatoa mzunguko mmoja tu, na mzunguko mmoja haumthibitishii mtu kitu. Akigundua hilo mwenyewe na kudai siku 30 nyingine, mpe daftari jipya. Atagota pale bei inapokataa kufuata mwezi: ilinyesha dagaa wakaharibika vichanjani, au kuna mzigo ulikuwa umehifadhiwa, au dau lilikuja kutoka Ukerewe. Wengi hapo hutaka kuacha au kurekebisha namba zikae vizuri. Usimpe jibu, na usimruhusu abadilishe namba. Mwulize: "Ni kitu gani kingine kilibadilika siku ile?" Kisha nyamaza. Dakika tatu za ukimya ni ndefu kwako kuliko kwake.

Miradi mingine kwa kifupi. Achore vina vya maziwa kwa kipimo cha milimita 1 kwa mita 10: Victoria, lenye kina cha juu cha takriban mita 80, linakuwa mstari wa milimita 8, na Tanganyika, lenye takriban mita 1,470, linakuwa sentimita 14.7, halafu aeleze ilikuwaje ziwa pana hivi liwe na kina kifupi hivi. Au mawe ya mji: kwa nini yamebebana bila kuanguka? (Granaiti ilipasuka na kuoza kwenye nyufa ikiwa bado chini ya udongo, kisha udongo ukaoshwa na mawe yakabaki yamekaa vile udongo ulivyoyaacha.) Makumbusho ya Bujora kule Kisesa yanafaa kwa mtoto wa historia na ngoma, lakini aende na maswali matano yaliyoandikwa, la sivyo itakuwa matembezi tu. Matembezi si mabaya, ila tusiyaite mradi.

Onyo: mradi wowote wa ziwani ufanyike juu ya nchi kavu au ukiwa na mtu mzima. Kuchota maji ya kuchunguza achote mtu mzima. Kichocho kinaingia kwa ngozi kugusa maji, na kwenye matete kuna mamba.

Hatua ya 6: Nenda shuleni na ombi moja

Anza kwa mwalimu wa darasa. Si kwa mwalimu mkuu, wala kwa Afisa Elimu Kata. Ukimruka, hata ukisikilizwa leo, mtoto atalipia mwaka mzima. Epuka Jumatatu asubuhi na wiki ya mitihani. Mtumie ujumbe uombe dakika 15.

Beba kazi tatu kutoka kwenye faili: moja aliyoifanya shuleni, moja ya nyumbani inayoonyesha kiwango cha juu, na moja aliyogota. Ile ya tatu inamwonyesha mwalimu kwamba hukuja kujisifu.

Maneno yanayofungua mlango: "Mwalimu, nimekuja kuomba ushauri. Akimaliza mapema anaanza utundu, nami najua una watoto wengi. Je, akimaliza naweza kumpa kitu cha kufanya kwenye daftari lake bila kukusumbua?" Maneno yanayoufunga: "Mwanangu anachoshwa na masomo yako."

Omba jambo moja tu, la wiki 6, halafu mrudi kuzungumza. Mzazi anayeondoka na ahadi tano ameondoka bila hata moja.

Hatua ya 7: Kwa mwalimu, njia ya "tano ngumu kwanza"

Mwalimu mwenye wanafunzi 90 hawezi kuandaa somo la pili kwa mmoja. Njia hii haihitaji somo la pili.

1. Una zoezi la maswali 15. Chagua 5 magumu zaidi, mara nyingi ni yale ya mwisho, ya maneno. Yawekee nyota ubaoni.
2. Tangaza kwa darasa zima: anayetaka aanze na yenye nyota. Akipata 4 kati ya 5 ndani ya dakika 15, njia ikiwa imeonyeshwa, amesamehewa yaliyobaki.
3. Sahihisha wa kwanza watatu au wanne tu wanaokuja. Asiyefaulu anarudi kwenye zoezi la kawaida, hakuna kuchekwa.
4. Aliyesamehewa anachukua kadi kwenye boksi la pembeni na kufanya kimya.

Watoto wengine watakushangaza. Mara nyingi anayefaulu nyota si yule uliyemtarajia, na ndiyo maana mlango uwe wazi kwa wote.

Kadi 20 zinatosha muhula, na vipande vya boksi la biskuti vinafaa kuzitengeneza. Mifano: "Kuna njia ngapi za kulipa shilingi 600 kwa sarafu za 100, 200 na 500? Thibitisha hukusahau." (Ni 5, na kazi ipo kwenye kuthibitisha.) "4 × 6 ni 24, na 5 × 5 ni 25. 6 × 8 ni 48, na 7 × 7 ni 49. Inakuwa hivyo kwa 19 × 21? Kwa nini kila mara inapungua moja?" "Tunga kitendawili ambacho jibu lake ni pantoni, bila kutaja maji." Kadi ya mwisho iseme: "Tengeneza kadi ngumu kuliko zote."

Makosa ya kuepuka, na haya tunayaona sana. Usimfanye mwalimu msaidizi kila siku. Mara moja kwa wiki inamfaa, kila siku unamtumikisha. Ukiranja nao ni madaraka, si masomo. Usiseme "mwoneni mwenzenu", maana utamtafutia kipigo nyuma ya vyoo. Na akikosa nidhamu, mwadhibu kwa nidhamu, lakini kadi usimnyang'anye.

Hatua ya 8: Kurushwa darasa, baada ya yote hayo

Ni dawa halali na huwafaa baadhi, ila si ya kuanzia. Angalia haya kwanza. Anapata 8 kati ya 10 kwenye mtihani wa muhula wa darasa analoendea, Kiswahili na hisabati vyote? Mkono wake unaandika kwa kasi ya darasa hilo? Mwalimu atakayempokea amekubali kwa moyo? Na yeye mwenyewe anataka? Jibu moja likiwa hapana, jaribuni njia ya kati, yaani abaki darasani kwake na aende darasa la juu kwa kipindi cha hesabu peke yake.

Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa wenye usajili wake, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi vilevile. Kwa hiyo jambo hili lazima limpitie mwalimu mkuu na ofisi ya elimu, kwa maandishi. Makubaliano ya mdomo yameacha watoto bila namba ya mtihani.

Mbele zaidi zipo sekondari za serikali za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Mwanza haina, ya karibu ni Tabora, na ni za bweni. Nafasi hutegemea alama za mtihani wa kumaliza msingi, kwa hiyo mtoto wa miradi anayedharau mitihani aambiwe ukweli huo mapema, darasa la tano hivi, bila vitisho.

Mambo yakienda mrama

*Anakataa kazi ya nyumbani ya shule.* Tazama ni aina gani. Kama ni kunakili, kubaliana na mwalimu afanye theluthi moja kwa usafi. Kama ni kila kitu, rudi Hatua ya 2.

*Anaongea kama mtu mzima lakini mwandiko haueleweki, au anasoma kwa shida sana.* Kipawa na ugumu wa kujifunza hukaa kwa mtoto mmoja bila kugombana. Mwache aeleze kwa mdomo uandike wewe, ulinganishe na anachoandika mwenyewe. Pengo likiwa kubwa, mwonyeshe mwalimu wa elimu maalumu wa shule au wa kata. Viboko vya mwandiko havijawahi kunyoosha mkono wa mtu.

*Analia au anachana karatasi akikosea.* Kazi imepanda haraka mno, au amezoea sifa za akili. Shuka nusu hatua, na wewe mwenyewe kosea mbele yake, mfano kwenye drafti, ukisema kwa sauti umeona wapi kosa.

*Anamsahihisha mwalimu mbele ya darasa.* Mfundishe sentensi moja na muirudie nyumbani mpaka itoke bila kiburi: "Samahani mwalimu, naomba kuuliza baada ya kipindi." Usimwambie anyamaze moja kwa moja, atajifunza kunyamaza kila mahali.

*Hana rafiki wa umri wake.* Hahitaji kumi. Mtafutie mmoja wa kucheza naye bao, hata awe na miaka 13, au babu wa kijiweni unayemfahamu na kumwamini.

*Ndugu zake wana wivu.* Hesabu dakika. Mara nyingi wana haki.

*Mwalimu amekataa.* Mshukuru, endelea na nyumbani, rudi muhula ujao na kazi tatu mpya. Akikataa tena, mwombe yeye mwenyewe akupeleke kwa mwalimu wa taaluma.

*Miezi mitatu imepita na huoni kitu.* Fungua kaunta buku, usome safu ya nne peke yake, kuanzia tarehe ya kwanza. Kama karibu kila mstari umeandikwa jina lako, mradi ni wako. Mwulize yeye angependa kujua nini, hata kama ni injini za mitumbwi au nyimbo za harusi, na muanze upya Hatua ya 5 hapo.